Fidia si Rambirambi

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam tarehe 7 Agosti, mbele ya familia za waliopoteza ndugu na wanafunzi wa sheria

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu mliokaa safu ya mbele, na nyinyi vijana wa sheria mliosimama mpaka mlangoni: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mmenipa heshima kubwa, kwa hiyo niseme mapema mimi ni nani, msije mkatarajia nisichokuwa nacho. Mimi si wakili. Ni karani, nimefanya kazi katika ofisi za mawakili hapa mjini kwa miaka ishirini na saba. Kazi yangu ni makaratasi: hati za vifo, mihtasari ya vikao vya ukoo, fomu za mirathi, viapo, barua za mtendaji wa mtaa. Wakili husimama mahakamani akasema. Karani ndiye anayekaa na mjane kwenye benchi akimuuliza jina kamili la mtoto wa tatu na mwaka aliozaliwa, na mjane analia, na karani inambidi asubiri. Nitakayoyasema leo nimeyatoa kwenye lile benchi.

Tarehe kama ya leo mwaka 1998 ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, watu wanapanga safari na maonyesho. Saa nne na nusu hivi asubuhi lori lenye bomu likalipuka Nairobi kwenye ubalozi wa Marekani, pale Barabara ya Moi inapokutana na ya Haile Selassie. Dakika chache baadaye likalipuka la pili hapa kwetu, Barabara ya Laibon, Oysterbay.

Kule Nairobi kulitangulia kishindo kidogo. Watu maofisini wakasogea madirishani kutazama kuna nini. Kishindo kikubwa kikawakuta hapo hapo, nyuso zao zikielekea vioo, na ndiyo sababu wengi walipofuka. Jengo la Ufundi, lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, lilianguka lote. Ndani yake mlikuwa na chuo cha uhazili, wasichana wamekuja mjini kujifunza kazi ya ofisi. Chini ya kifusi kile mama mmoja aliendelea kuzungumza na waokoaji wakati wakichimba, nchi nzima ikimwombea. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu.

Hapa kwetu boza la maji lilikuwa limefika langoni, likawa kati ya lori na jengo, likapokea sehemu kubwa ya mlipuko. Hata hivyo watu 11 walikufa na 85 wakaumia. Katika wale 11 hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Nairobi, kati ya 213, Wamarekani walikuwa 12. Naomba mziweke moyoni hesabu hizi, nitazirudia.

Nianze na maneno. Kiswahili chetu kina maneno matatu ambayo wakubwa wa serikali na wa makampuni huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua sana. La kwanza ni rambirambi. Jirani anakuja msibani na bahasha, mtu wa daftari anaandika jina lake na kiasi, basi. Ametoa kwa kupenda. Asingetoa, hakuna ambaye angemdai.

La pili ni kifuta machozi. Hili kwetu Tanzania limeingia mpaka kwenye sheria. Tunazo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyamapori. Kifuta jasho ni cha shamba lililoliwa, kifuta machozi ni cha mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na kwa kanuni zile familia ya aliyeuawa na tembo ilipangiwa shilingi milioni moja. Mbunge akisimama kuuliza mbona ni kidogo, waziri humjibu kwamba hii si fidia. Anasema kweli, na ukweli wenyewe ndio unaoniuma. Neno lilichaguliwa makusudi, ili anayepokea asiwe na la kudai.

La tatu ndilo fidia, na fidia ina mdai na mdaiwa. Lazima iulizwe nani amekosa, nani amepoteza, na kipimo ni kipi. Aliyepewa rambirambi anasema asante. Aliyelipwa fidia anayo haki ya kusema, hebu nioneshe mlivyopiga hesabu.

Baada ya Agosti ile Wamarekani walitoa fedha za kutibu majeruhi, za karo za watoto, za kujenga upya majengo Nairobi na kuwainua wafanyabiashara walioanguka. Sizidharau. Nawajua watu wanaotembea leo kwa sababu ya fedha zile. Lakini zilikuja kwa jina la msaada, na msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji na huisha anapotaka yeye. Mtu aliyeng'olewa jicho mwaka 1998 alikuwa bado hana jicho mwaka 2008, na msaada ulikuwa umeshafungwa zamani.

Naomba sasa niseme la nyumbani kwetu, maana ndilo lililonifanya niwe karani.

Mwaka 1994 mama yangu alifariki katika ajali ya basi njia ya Morogoro. Alikuwa mama lishe. Alikuwa akiamka saa tisa usiku kuwasha jiko, saa kumi na mbili chapati na maharage viko tayari, wapagazi wanakula kwanza, makuli wanafuata, mchana anapika wali. Tulikuwa watoto wanne na baba hakuwepo. Sote wanne tulivaa sare na viatu, sote tulimaliza shule. Mama alipokufa nilikwenda kwenye kampuni ya bima ya lile basi. Kampuni siitaji, na afisa aliyenipokea hakuwa mtu mbaya, alinipa kiti na maji ya kunywa. Akaniuliza, "Kijana, mama alikuwa akilipwa kiasi gani?" Nikamwambia alikuwa halipwi, alikuwa anauza. Akauliza kama kuna hati ya mshahara. Leseni ya biashara? Daftari la benki? Kila swali nikajibu hapana. Akaandika kwenye faili maneno mawili: hana kipato.

Niliyasoma yakiwa yamegeukia upande wake, kichwa chini miguu juu. Mama yangu aliyelisha mtaa mzima na kusomesha watoto wanne, hana kipato. Tulilipwa fedha ambazo hazikumaliza hata deni la mazishi. Katika basi lile lile alikufa mhasibu mmoja wa serikali, Mungu amrehemu, na familia yake ilipata mara nyingi zaidi. Siwaonei wivu. Ninachouliza ni hiki: watoto wake walikuwa na njaa kuliko sisi?

Kipimo cha mshahara si cha kampuni ile peke yake. Ndicho kipimo cha dunia, na nitawaonesha kilivyofanya kazi mahali penye fedha nyingi kuliko popote.

Septemba 2001 majengo yale mawili ya New York yaliangushwa na al-Qaida, kundi lile lile la Osama bin Laden lililotupiga sisi miaka mitatu nyuma. Siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 22 Septemba, Marekani ikawa na sheria ya mfuko wa fidia. Vijana wa sheria, isomeni mtaona kwamba ilipachikwa ndani ya sheria ya kuokoa mashirika ya ndege yasifilisike. Familia iliyochukua fedha za mfuko ilikubali kutoyashtaki mashirika hayo. Kwa hiyo haukuwa wema mtupu. Lakini fedha zilitoka kweli, karibu dola bilioni 7, na familia 97 katika kila 100 za waliokufa zilijiunga. Mgawaji alikuwa wakili mmoja, Kenneth Feinberg. Alikaa na mamia ya familia moja moja, akawasikiliza. Hilo nampa heshima yake, kwa sababu najua kazi ya kusikiliza ilivyo.

Sheria ilimwamuru atazame kila marehemu angepata mapato kiasi gani kama angeishi. Kwa hiyo familia ya dalali wa hisa ilipata mamilioni, kubwa kuliko zote kwa aliyekufa ikizidi dola milioni 7, na kima cha chini kikawa robo milioni. Katika ghorofa za juu kabisa za jengo moja kulikuwa na mgahawa, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wahamiaji, wapishi na waosha vyombo. Waliungua asubuhi moja na madalali. Wajane wa wazimamoto waliopanda ngazi wakati wengine wanashuka walimwuliza Feinberg kwa nini waume wao wana thamani ndogo kuliko mtu wa benki. Hakuwa na jibu zaidi ya kusema sheria imeagiza hivyo. Baadaye yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba kama ingerudiwa, kila uhai ulipwe sawa. Na mwaka 2007, mwanafunzi alipowaua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech, michango ilipokuja mikononi mwa Feinberg alifanya hivyo: kila familia ya marehemu dola 208,000, awe profesa, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Hapa natofautiana naye kidogo, ingawa yeye ni mtu mkubwa na mimi ni karani. Usawa mtupu nao una kasoro. Kijana aliyekufa hajaoa na baba wa watoto sita, uhai wao ni sawa, ila nyumba walizoziacha si sawa. Na ajabu ni kwamba jibu lilikuwemo ndani ya hesabu zake mwenyewe za mwaka 2001. Kabla hajafika kwenye mshahara, Feinberg aliweka dola 250,000 kwa kila marehemu kwa maumivu, bila kujali alikuwa nani, kisha akaongeza dola 100,000 kwa mume au mke, na 100,000 kwa kila aliyekuwa akimtegemea marehemu. Sehemu hiyo ndiyo ningeichukua mimi, ile ya mshahara nikaiacha. Kiasi kimoja kwa kila roho, halafu nyongeza kwa kila mdomo ulioachwa. Mama yangu kwa kipimo hicho angehesabiwa roho moja na watoto wanne, wala afisa asingehitaji kuniuliza hati ya mshahara.

Jambo lingine la mfuko ule nalisifu bila masharti. Haukuuliza pasipoti. Wageni walilipwa, hata familia za watu waliokuwa wakiishi Marekani bila vibali zilikaribishwa, na zilizojitokeza zililipwa. Kumbe inawezekana! Mmarekani akitaka anaweza kusema aliyekufa ni mtu, inatosha.

Ila mfuko ulikuwa na ukuta. Familia za watu 168 waliouawa kwa bomu la Oklahoma City mwaka 1995 hazikuwemo. Waliokufa katika bomu la kwanza la majengo yale yale ya New York, mwaka 1993, hawakuwemo. Na sisi wa Agosti 1998 hatukuwemo. Aliyekufa bila kibali kwenye ghorofa ya New York familia yake ililipwa. Aliyekufa na kitambulisho chake halali mfukoni, katika mji wake mwenyewe, kwa mkono wa muuaji yule yule, familia yake haikupata kitu kwenye mfuko ule.

Baadhi ya wafiwa na majeruhi wetu hawakukata tamaa. Kuanzia mwaka 2001 kesi zilifunguliwa Washington dhidi ya Sudan, kwa hoja kwamba serikali ya Khartoum ilimpa Osama bin Laden makazi kuanzia 1991 hadi 1996 na kulisaidia kundi lake kujijenga. Mwaka 2011 jaji akaamua Sudan inawajibika. Mwaka 2014 hukumu za fedha zikafika zaidi ya dola bilioni 10. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hata fidia ya adhabu, yaani nyongeza ya kumwadhibu mkosaji, inaweza kudaiwa. Mkisoma magazeti ya wakati ule mtadhani tumetajirika. Lakini hukumu bado ni karatasi, na mimi ni mtu wa karatasi, nazijua. Fedha zilizopatikana kweli zilitokana na mapatano ya Oktoba 2020, ambapo Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335, nayo ikaondolewa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi Desemba mwaka ule.

Niwaombe hapa tuwafikirie na Wasudani. Omar al-Bashir alikuwa ameshapinduliwa na watu wake mwenyewe mwaka 2019, baada ya miezi ya maandamano na damu nyingi. Mama wa Khartoum aliyekuwa akipanga foleni ya mkate ndiye aliyelipia wageni ambao dikteta wake aliwakaribisha miaka ya tisini, wakati yeye hakuulizwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu hakuchuma, na alilishwa. Sisemi Sudan isingelipa, la hasha. Nasema fedha ile ilitoka mahali penye uchungu, ilistahili igawanywe kwa uadilifu mkubwa kuliko fedha nyingine yoyote.

Je, iligawanywaje? Kwa mpango ulioripotiwa wakati ule, familia ya Mmarekani aliyeuawa akiwa kazini ubalozini ilipangiwa dola milioni 10. Familia ya Mkenya au Mtanzania aliyeuawa akiwa kazini katika ubalozi huo huo, dola 800,000. Mara kumi na mbili na nusu. Ofisi moja na mlipuko mmoja, pengine hata meza zimepakana. Kulikuwa na majeruhi wa kwetu ambao baada ya bomu walihamia Marekani wakapata uraia. Wakagundua kwamba wanahesabiwa kwa pasipoti waliyokuwa nayo siku ile. Walipiga kelele, na kwa sababu sasa walikuwa wapiga kura wa mtu, Bunge la Marekani likaongeza dola milioni 150 kwa ajili yao. Nimefurahi kwa ajili yao, lakini tuone kilichobadilika hapo. Majeraha yao yalikuwa yale yale ya 1998. Walichoongeza ni uraia tu.

Na hao wa dola 800,000 bado ni wenye bahati. Sheria ya Marekani inayoruhusu kuishtaki nchi inayofadhili ugaidi inamtambua raia wao, askari wao, na mfanyakazi au mkandarasi wa serikali yao aliyedhurika akiwa kazini. Mlinzi wa getini anaingia humo. Msichana wa chuo cha uhazili haingii. Abiria wa basi lililokuwa limesimama barabarani haingii. Mwenye duka, mpita njia, mama aliyekuja mjini kulipia bili, hawaingii. Hao ndio walio wengi kati ya wale 213. Tumezoea kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sheria hii imeandikwa kwa ajili ya fahali na wanaowachunga. Nairobi waliendelea kudai, mpaka Seneti ya Kenya ikaunda kamati maalumu ya kushughulikia fidia yao. Wafiwa walioanza madai wakiwa vijana leo wana wajukuu.

Msidhani jambo hili ni la Wamarekani na Waafrika tu. Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuliwa juu ya Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Mwaka uliofuata ndege ya Kifaransa ya UTA iliyotoka Brazzaville kupitia N'Djamena ililipuliwa angani Niger, wakafa watu 170, wengi wao Wakongo na Wachadi pamoja na Wafaransa. Aliyelaumiwa kwa zote mbili ni Libya. Kwa Lockerbie Libya ilikubali hadi dola milioni 10 kwa kila marehemu. Kwa ndege ya UTA, baada ya Wafaransa kung'ang'ania, dola milioni moja. Aliyedaiwa ni yule yule, na walioanguka walianguka kutoka mbingu moja. Kilichotofautiana ni nani anadai kwa niaba yao. Mimi kwa miaka yote hii sijaona kipimo kingine kinachotumika duniani kuliko hiki: fidia ya mtu ni nguvu ya serikali iliyosimama nyuma yake.

Basi na tujiulize yetu inasimama wapi.

Ni rahisi kusimama hapa tukawalaumu watu wa Washington mpaka jua lizame. Lakini MV Bukoba ilizama Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu wetu wakafa. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na kwa hesabu za tume ya uchunguzi waliokufa na wasioonekana walizidi 1,500. MV Nyerere ilipinduka Ukara Septemba 2018, tukazika watu zaidi ya 220. Hapakuwa na Osama hapo, wala Pasipoti ya Marekani. Vyombo vilijazwa kupita kiasi, na wa kuzuia walikuwepo. Kila mara tulitangaza maombolezo, tukapeperusha bendera nusu mlingoti, tukafungua akaunti ya michango. Wananchi walitoa, Mungu awalipe. Kisha kila mara tukaanza kugombana: zimekusanywa ngapi, zinagawanywaje, kwa nini nyingine ziende kujenga hiki au kile. Tuligombana kwa sababu hatukuwa na sheria iliyotangulia. Tulikuwa tunapima sanda maiti yuko mlangoni.

Katika ajali za meli kuna mateso mengine ambayo mtu asiyekaa kwenye benchi hayajui. Abiria hawakuandikwa. Mtu alipanda bandarini, alilipa mkononi, mwili haukupatikana. Mkewe anakuja ofisini, tunamwambia lete hati ya kifo, hospitali haina mwili, kwa hiyo hati haitoki. Tunamwambia lete tiketi, tiketi iko chini ya bahari pamoja na mwenye tiketi. Sheria inataka miaka ipite ndipo mtu asiyeonekana ahesabiwe amekufa, na kwa miaka hiyo huyu mama si mke na si mjane. Hawezi hata kukaa eda akajua anaimaliza lini. Nimeandika viapo vya aina hii mpaka mkono umezoea maneno.

Kwa hiyo nyinyi vijana mtakaoandika sheria za nchi hii, nina maombi, nitayasema kama yanavyonijia.

Iwepo sheria ya fidia kabla ya msiba, siyo baada. Bima ya chombo na mfuko wa serikali vijulikane mapema, kiasi kwa kila roho kijulikane, na kiongezwe kila baada ya miaka kadhaa fedha inaposhuka thamani, kisibaki shilingi milioni moja ya zamani mpaka wajukuu. Kiasi hicho kiwe sawa kwa mkurugenzi na kwa mama lishe. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni jambo jema, lakini unamfahamu mwenye mwajiri na mshahara. Wengi wanaopanda meli za daraja la tatu hawana mwajiri.

Nyongeza itolewe kwa waliotegemea, na wahesabiwe kama tunavyoishi sisi, siyo kama familia ya kwenye fomu ya kizungu. Kwetu marehemu alikuwa anamlea mtoto wa dada yake, anamtumia bibi fedha kijijini, anamlipia mdogo wake karo. Fomu ikiandikwa mke na watoto tu, bibi anafutwa.

Na fedha zifike mikononi mwa walioachwa. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu hapa mkosaji si serikali wala Sudan, ni sisi. Kikao cha ukoo kinakaa, baba mdogo anateuliwa msimamizi wa mirathi, mjane anasaini muhtasari ambao hakuusoma. Fedha zinaingia akaunti ya baba mdogo. Mwaka unaisha baba mdogo ana bodaboda tatu, na mtoto wa marehemu amerudishwa nyumbani kwa ada. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na nimeona akina mama wakinyamaza kwa kuogopa kutengwa na ukoo. Fidia ya mtoto iwekwe kwenye akaunti ya mtoto, ya mjane iwe kwa jina la mjane. Msimamizi asimamie shamba na nyumba, lakini fidia ya uhai haikuwa mali ya marehemu. Marehemu hakuwahi kuishika. Ni ya walioachwa.

Matibabu nayo yasihesabiwe kwa mkupuo mmoja. Kioo kilichobaki mwilini kinaweza kusogea baada ya miaka. Mtu aliyeharibika sikio mwaka 1998 anazeeka na kuzeeka kwake kunaongeza ugonjwa. Wamarekani kwa waliougua kwa vumbi la majengo yale ya New York wameendelea kufungua mlango mpaka leo. Wetu waliambiwa mradi umekwisha.

La mwisho ni dogo, halihitaji sheria. Familia isikilizwe na mtu. Julai 2013 Obama, rais wa Marekani wa wakati ule, na mtangulizi wake Bush walisimama pamoja hapa Dar es Salaam wakaweka shada la maua kwa ajili ya watu wetu wa ubalozini. Lilikuwa jambo la heshima. Lakini nilizungumza na mama mmoja siku ile, akaniambia, "Mwanangu, katika miaka yote hii hakuna aliyekuja kukaa kwangu akaniuliza marehemu wangu alikuwa mtu wa namna gani." Sikumjibu. Nilichukua daftari langu nikamwuliza. Tulikaa mpaka Magharibi. Alikuwa anapenda samaki wa kukaanga, alikuwa shabiki wa Yanga, alikuwa anamwita binti yake mama.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nimeweka meza pale pembeni na fomu zangu, na wenzangu wawili watasaidia. Mama yeyote ambaye karatasi zake zimekwama, hata kama ni za ajali ya basi ya miaka kumi iliyopita, aje, hatutoi risiti wala hatutozi kitu. Aje na majina kamili ya watoto.

Sasa yatasomwa majina kumi na moja. Tumeyapanga kwa alfabeti, vyeo tumeviacha. Naomba tusimame.